Tableti ya kalamu au mausi kwenye kuediti picha: wajuzi wa Arusha na Moshi karibuni

#1 Mdau wa Majengo (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kuamua. Kazi ni za studio: picha za pasipoti, sendofu, harusi, mahafali, na mara mojamoja picha za wageni walioshuka mlimani. Kompyuta ni laptop ya inchi 15.6, Windows 10, Photoshop na Lightroom Classic. Kila kitu kinafanyika kwa mausi.

Swali langu: tableti ya kalamu (ule ubao unaochomekwa kwenye kompyuta na kuchorwa kwa kalamu yake) itabadilisha nini hasa kwenye picha yenyewe, au ni raha ya mkono tu? Na kama ni ya kununua, nichukue saizi gani, na nikishaichomeka nianzie wapi? Mtaani ukiuliza unaambiwa tu kalamu ni nzuri, basi.

#2 Leya Tano (Arusha)

Karibu mkuu. Tofauti za msingi ni mbili, mengine yote yanazaliwa na hizo.

Ya kwanza: mausi inahesabu umbali, tableti inahesabu mahali. Mausi ukiinyanyua na kuiweka pengine, mshale unabaki palepale. Kwenye tableti, kona ya juu kushoto ndiyo kona ya juu kushoto ya skrini, siku zote. Ndiyo maana mwanzoni inasumbua, mkono umezoea kusukuma na sasa unatakiwa kulenga. Draiva (programu zinazoendesha tableti) zina chaguo la kuifanya kalamu iende kwa mtindo wa mausi. Usiliguse hilo, kwa sababu ukiliwasha unapoteza faida yenyewe ya kujua mahali bila kuangalia mkono.

Ya pili ni presha. Kitufe cha mausi kina hali mbili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Kalamu inapeleka namba kulingana na unavyokandamiza. One by Wacom ina ngazi 2048, Wacom Intuos ya kawaida 4096, Huion H610 Pro V2 na XP-Pen Deco 01 V2 zina 8192. Tafadhali usinunue kwa kufuata namba hizo. Maski (kifuniko cha nyeusi na nyeupe kinachoamua leya ionekane wapi) ya biti 8 ina ngazi 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe, kwa hiyo hata 2048 zinatosha na kubaki. Cha kuangalia ni uzito mdogo kabisa ambao kalamu inaanza kuuhisi. Kalamu inayotaka kukandamizwa ndipo iamke itakuharibia kazi yote ya ngozi.

Sasa kwenye picha nini kinabadilika? Mwanzo na mwisho wa kila mpako. Kwa kalamu unagusa kidogo, unaongeza katikati, unaachia taratibu. Ncha zote mbili zinayeyuka. Kwa mausi kila mpako una kichwa na mkia wenye nguvu ileile ya katikati. Kwenye maski ya anga huoni tofauti. Kwenye shavu la bibi harusi unaiona ukikuza hadi asilimia 100.

Mipangilio ya kuanzia kwa ngozi ndani ya Photoshop: fungua Brush Settings, ingia Transfer, kwenye Flow chagua Pen Pressure. Shape Dynamics iondolee tiki. Kwa nywele na kope ni kinyume chake: Shape Dynamics iwe Pen Pressure, Transfer iondolewe. Kosa ninaloliona sana ni kuacha saizi na Opacity vyote vifuate presha kwa wakati mmoja, halafu mtu analalamika brashi haitabiriki. Angalia pia mwambaa wa juu, kuna vitufe viwili vyenye alama ya kalamu, kimoja cha Opacity na kingine cha saizi. Vikiwa vimewashwa vinapindua ulichopanga ndani ya Brush Settings.

#3 Mangi wa Pikseli (Moshi)

Naomba niweke sawa hapo. Mdau asije akaamini kwamba bila kalamu ngozi haifanyiki. Inafanyika, ila lazima uelewe Opacity na Flow si kitu kimoja.

Opacity ni dari. Ukiweka asilimia 10, hata upitishe brashi mara ishirini bila kuachia kitufe, pale hapazidi 10. Flow ni kiasi kinachotoka kwa kila chapa moja ya brashi, na chapa zinarundikana. Spacing, yaani umbali kati ya chapa na chapa, kwa kawaida ni asilimia 25 ya kipenyo, maana yake sehemu moja inaguswa na chapa nne hivi katika mpako mmoja. Flow ya asilimia 3 mara chapa nne inakupa kama 11, na kwa brashi laini inakuwa chini ya hapo. Kwa hiyo mwenye mausi aweke Opacity 100, Flow 2 hadi 3, Hardness 0, na apitishe mara nyingi. Presha anaitengeneza kwa idadi ya mipako. Ni polepole, lakini matokeo ni ya kuaminika.

Kwa nywele na kope, mausi ina njia mbili ambazo wengi hawazigusi:

Kwanza, Shape Dynamics, kwenye Control weka Fade na namba kama 25. Brashi inaanza nene na kuishia nyembamba yenyewe baada ya hatua 25.

Pili, chora njia kwa Pen Tool, kisha bofya kulia uchague Stroke Path, weka tiki kwenye Simulate Pressure. Shape Dynamics iwe Pen Pressure kabla ya hapo, la sivyo tiki haina kazi. Mstari unatoka umechongoka pande zote mbili.

Na kwenye Pen Tool yenyewe, kuchora njia kuzunguka gari, suti, ukingo wa meza ya keki, mausi inaishinda kalamu. Mausi ukibofya haitikisiki. Kalamu ukiigusisha inateleza pikseli mbili tatu, na Photoshop inadhani umevuta, inakuwekea kona yenye mikono wakati ulitaka nukta tupu.

#4 Dada Brashi (Arusha)

Mangi umenena kweli kuhusu Flow, na hiyo Simulate Pressure watu waiandike pembeni. Ila kuna kazi moja ya hapa kwetu inayoonyesha kalamu inalipa: uso na shingo visivyolingana.

Mmeiona. Bibi harusi kapakwa poda, flashi imepiga, uso umetoka mweupe wa majivu, shingo na mabega yamebaki rangi yake halisi. Poda nyingi zina madini yanayorudisha mwanga wa flashi, kwa hiyo kwa macho ukumbini hukuona kitu. Wengi wanakimbilia kuing'arisha shingo. Matokeo ni mtu asiye na kivuli chini ya kidevu, kichwa kinaelea.

Fanya hivi. Leya ya Curves juu kabisa, vuta katikati ya mstari chini kidogo, uso ushuke. Ingia chaneli ya bluu, ishushe kidogo pia, ule ujivu uondoke na joto la ngozi lirudi. Maski yake igeuze kwa Ctrl+I iwe nyeusi. Chukua brashi nyeupe laini, upana wake karibu nusu ya shavu, Flow 4 ikifuata presha. Anzia katikati ya paji la uso kwa mkono mzito, ukielekea mstari wa nywele na masikio achia. Kwenye taya ndipo penye kazi: ukaribie mstari wa taya kwa presha inayopungua, ukiuvuka uwe umeshaachia. Ukifuata kwa mausi hapo unapata ukanda, na ukanda wa taya mteja anauona hata kwenye simu. Pua na juu ya mashavu pabaki na mng'ao. Ngozi nyeusi inapewa umbo na mng'ao kuliko vivuli, ukiuzima wote uso unakuwa bapa.

Kazi nyingine ni lasso, zana ya kuzungushia eneo unalolichagua. Kwa wanaotenganisha rangi na umbile la ngozi kwenye leya mbili (frequency separation), ile leya ya chini yenye rangi unaizungushia lasso yenye Feather ya pikseli 15 hivi, unapiga Gaussian Blur, unahamia doa jingine. Lasso kwa kalamu ni kama kuandika. Na kwa kuwa fomula ya kutengeneza leya hizo inakosewa sana: faili la biti 8, Apply Image iwe Subtract, Scale 2, Offset 128. Faili la biti 16 iwe Add, tiki kwenye Invert, Scale 2, Offset 0. Leya ya juu Linear Light katika hali zote mbili. Ukitumia fomula ya biti 8 kwenye faili la biti 16, picha hairudi sawasawa na ya awali, na wengi hawagundui mpaka wamalize.

#5 Mdau wa Majengo (Moshi)

Shukrani sana wakuu, hasa hiyo ya taya, ndiyo malalamiko ya wateja kila wiki. Sasa saizi. Nikiangalia ndogo na ya kati bei zimepishana vya kutosha. Ndogo itanifaa?

#6 Leya Tano (Arusha)

Tupige hesabu badala ya kukisia. Intuos ndogo, CTL-4100, eneo la kalamu ni milimita 152 kwa 95. Ya kati, CTL-6100, ni 216 kwa 135. Skrini yako ya inchi 15.6 ina upana wa milimita 345 hivi na kama ni Full HD ina pikseli 1920.

Kwenye ndogo, milimita moja ya mkono ni pikseli 12.6 za skrini. Kwenye ya kati ni 8.9. Mkono ukitikisika nusu milimita, kwenye ndogo mshale umehama pikseli sita. Kifaa chenyewe hakina shida, Intuos inasoma mistari 2540 kwa inchi, yaani 100 kwa milimita. Kinachokosa nafasi ni mkono. Lakini ngozi huifanyi picha ikiwa nzima kwenye skrini, unaikuza asilimia 100 au 200, na ukikuza mtikisiko unakuwa mdogo ukilinganisha na picha. Kwa laptop ya inchi 15.6, ndogo inafaa kabisa na inakaa kwenye meza ya studio bila kusukuma kibodi. Ukija kuunganisha skrini ya inchi 24, upana wake ni milimita 531 hivi, mara tatu na nusu ya tableti ndogo. Hapo ndipo utaijutia. Mwenye mpango wa skrini kubwa achukue ya kati mapema.

Saizi yoyote, fanya mambo mawili siku ya kwanza. Ndani ya draiva weka tiki kwenye Force Proportions. Tableti ni 16 kwa 10 na skrini ni 16 kwa 9, bila tiki hiyo duara unalochora kwa mkono linatoka yai. Utapoteza kipande cha chini, kwenye CTL-4100 zinabaki 152 kwa 85.5, haidhuru. Pili, kama skrini ni mbili, elekeza tableti kwenye moja tu.

Na iweke sambamba na ukingo wa skrini. Ukiilaza mshazari kama daftari, mstari wa usawa utakupandia.

#7 Fundi Waya (Arusha)

Naongezea upande wa Windows na umeme, ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na kifaa kinarudishwa dukani wakati ni kizima.

Kabla ya kusakinisha, ondoa draiva ya tableti ya zamani ya kampuni nyingine na uwashe upya kompyuta. Draiva mbili zikikutana presha inapotea au mshale unarukaruka.

Ukiwa na Photoshop, ukipiga mpako ikachelewa sekunde au ikatokea duara kwenye ncha, hiyo ni Windows. Nenda Control Panel, Pen and Touch, chagua Press and hold, bofya Settings, ondoa tiki ya kubofya kulia kwa kushikilia. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, iondoe Photoshop kwenye Windows Ink, mfumo wa kalamu wa Windows yenyewe:

1. Funga Photoshop.
2. Fungua Notepad, andika mstari wa kwanza `# Use WinTab` na wa pili `UseSystemStylus 0`.
3. Hifadhi kwa jina PSUserConfig.txt ndani ya folda ya Settings ya Photoshop yako, inayopatikana AppData, Roaming, Adobe, Adobe Photoshop ya toleo lako.
4. Kwenye draiva ya tableti ondoa tiki ya Windows Ink. Kwa Wacom ipo ukurasa wa Mapping.

Hatua ya 3 na ya 4 ni pacha. Ukifanya moja tu, presha inakufa na pembeni ya Pen Pressure unaona pembetatu ya onyo. Na kama Windows yako inaficha viambishi vya majina ya faili, Notepad itakuwekea PSUserConfig.txt.txt, Photoshop haitaisoma. Washa viambishi vionekane kwanza.

Umeme sasa. Wacom na hizi Huion na XP-Pen za sasa kalamu yake haina betri. Ubao unatoa uga wa sumaku, koili ndani ya kalamu inaitikia, ubao unasikiliza itikio. Ni ishara dhaifu sana, kwa hiyo kelele ya umeme inaiingilia. Dalili: mshale unatetemeka kalamu ikiwa imetulia. Jaribio ni jepesi, chomoa chaja ya laptop utumie betri. Mshale ukitulia, umempata mhalifu. Mara nyingi chaja ya pini tatu imechomekwa kwa adapta ya pini mbili, waya wa ardhi haupo. Tafuta kiendelezi chenye ardhi ya kweli. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi safi nazo zinaleta mtetemeko uleule umeme wa TANESCO ukikatika. Simu isilale juu ya tableti. Na meza nyingi za studio zetu ni za chuma cha kuchomelea: weka ubao au kadibodi nene chini ya tableti, chuma kinavuruga uga.

#8 Kijana wa Sakina (Arusha)

Wakuu, mimi natumia GIMP, ile programu ya bure ya kuediti picha, kalamu inasogeza mshale vizuri ila presha hakuna kabisa. Na nikirudi kwenye mausi zana inabadilika yenyewe.

#9 Fundi Waya (Arusha)

Edit, Input Devices, chagua kalamu yako, Mode ibadilishe kutoka Disabled kuwa Screen, kisha hifadhi. Halafu kwenye brashi, Dynamics chagua Pressure Opacity. Zana kubadilika si hitilafu: GIMP inakumbuka zana ya kila kifaa peke yake. Ndani ya Preferences, Input Devices, kuna tiki ya kufanya vifaa vyote vishiriki zana moja.

#10 Njiro RAW (Arusha)

Naona Lightroom imesahauliwa, na kwa sisi wa picha za safari ndiko muda unakoishia.

Kuchambua picha mia sita za harusi au za Ngorongoro si kazi ya kalamu, wala ya mausi. Ni kibodi. Washa Caps Lock, bonyeza P kwa inayobaki na X kwa inayotupwa, Lightroom inahama yenyewe kwenda inayofuata. Vitelezi navyo viepushe na kalamu, ni vyembamba na mkono unachoka. Weka mshale juu ya kitelezi bila kubofya, tumia vishale vya juu na chini vya kibodi.

Vumbi la Tarangire na Manyara likiingia kwenye sensa linaonekana angani ukifunga lenzi f/11 na kuendelea. Hapo chagua Heal, bonyeza A kuona madoa kwa nyeusi na nyeupe, bofya moja moja. Mausi inatosha, kila doa ni kubofya tu. Kalamu ishike zamu kwenye maski za brashi: manyoya ya simba dhidi ya nyasi, au kumng'arisha tembo aliyesimama kinyume na jua bila kung'arisha vumbi nyuma yake.

Mausi isitoke mezani. Kalamu mkono wa kulia, kushoto kibodi, mausi juu kidogo ya tableti.

#11 Dada Brashi (Arusha)

Nakazia hapo kwa Njiro, na niongeze vitufe vya kalamu. Cha chini kipe Alt, kwa ajili ya kuchukua sampuli kwenye Clone Stamp na kuchukua rangi ukiwa na brashi. Cha juu kiwe kubofya kulia. Ukikishika Alt na kubofya kulia huku ukivuta kushoto na kulia, saizi ya brashi inabadilika. Ukivuta juu na chini, ugumu wake unabadilika. Hii peke yake inapunguza safari za kwenda kwenye mwambaa.

Kwa anayetaka ya mitumba: uliza kalamu kwanza. Kalamu hazibadilishani ovyo, CTL-4100 inatumia LP-1100K, One by Wacom CTL-472 inatumia LP-190K. Tableti bila kalamu yake usiichukue kwa matumaini. H610 Pro ya zamani ya Huion kalamu yake inachajiwa, betri ikichoka umekwama. V2 haina betri. Kisha tikisa waya kwenye tundu, mengi ni micro-USB na hulegea. Mwisho weka rula juu ya tableti, chora mstari wa mshazari polepole. Ukitoka na mawimbi wakati laptop iko kwenye betri, iache.

#12 Mdau wa Majengo (Moshi)

Hapo nimeiva. Swali la mwisho kuhusu vumbi na ncha. Kuna mwenzangu ana One by Wacom, kalamu inachora hata kabla haijagusa, na mwanzo wa kila mpako kuna tone nene. Ni kalamu imekufa?

#13 Fundi Waya (Arusha)

Usiizike bado. Kuchora bila kugusa maana yake ncha imekwama ndani, kihisi cha presha kinaona imebonyezwa. Mara nyingi ni vumbi na jasho. Ivute ncha kwa kibanio kilichokuja na tableti, moja kwa moja bila kupinda. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, pamoja na mdomo wa tundu. Usitie spiriti wala mafuta ndani. Irudishe mpaka ikite, ibonyeze kwa kidole uone inarudi.

Iangalie ncha yenyewe pia. Ikichakaa inakuwa bapa upande mmoja, ukingo wake unakuwa mkali na unakwaruza ubao. Ikibaki kama milimita moja nje ya kalamu, ibadilishe. Vumbi letu hili la Arusha na Moshi linafanya kazi ya msasa, kwa hiyo futa ubao kwa kitambaa laini kila kabla ya kazi.

Ikiacha kuchora hewani lakini tone la mwanzo likabaki, hiyo sasa ni mkunjo wa presha. Fungua draiva, Tip Feel isogeze kuelekea Firm hatua moja, jaribu kwa brashi ya pikseli 30. Likibaki bado, rudi kwenye ile tiki ya Press and hold.